Safi kwa Kipimo, Sumu kwa Mlaji

Mwezi Oktoba 1989 madaktari wa jimbo la New Mexico nchini Marekani walipokea wanawake watatu wenye ugonjwa wa aina moja. Misuli iliwauma mno, na damu yao ilikutwa imejaa eosinofili, aina ya chembe nyeupe ambazo kwa mtu mzima wa afya huwa chache. Walipoulizwa wanakula nini na wanameza nini, jibu moja lilijirudia: vidonge vya triptofani. Triptofani ni asidi amino iliyomo katika maziwa, mayai na nyama, na Wamarekani wengi waliinunua madukani bila cheti cha daktari, wakitafuta usingizi au nafuu ya huzuni. Mwezi uliofuata, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, iliwaonya wananchi na kutaka vidonge hivyo viondolewe madukani. Hadi wimbi hilo lilipotulia, watu zaidi ya 1,500 walikuwa wameugua na wasiopungua 37 wamekufa. Wachunguzi walifuata nyayo za vidonge kutoka madukani hadi kwa wafungashaji, na kutoka kwa wafungashaji hadi kwa waagizaji, wakaishia kwa mtengenezaji mmoja wa Japani, Showa Denko. Huko wakakuta jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya: triptofani ile ilikuwa safi kwa zaidi ya asilimia 99. Famakopia ya Marekani, yaani kitabu cha viwango vya dawa cha nchi hiyo, ilidai asilimia 98.5 tu. Kwa kipimo rasmi, bidhaa iliyoua ilikuwa imefaulu na kubakiza.

Historia ya ukaguzi wa virutubisho lishe, hivi ambavyo mitaani kwetu vimezoeleka kwa jina la dawa lishe, kwa kawaida husimuliwa kama vita kati ya wakaguzi waaminifu na matapeli. Masimulizi hayo yana ukweli wake. Hata hivyo yanatupitisha mbali na fundisho zito zaidi, kwani wengi wa waliodhurika katika historia hii walidhurika wakati kipimo kipo, kinafanya kazi yake sawasawa, na kinajibu swali ambalo silo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kupima bidhaa iliyokwisha kukamilika hakujawahi kutosha peke yake. Walaji walilindwa, pale walipolindwa, na sheria zilizomlazimu mtengenezaji kujua na kuandika kila kilichoingia kiwandani mwake na kila alichobadilisha, tena zikamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha. Mifano yangu mingi inatoka Marekani, kwa kuwa huko biashara hii ilikua mapema, na kumbukumbu za Bunge, mahakama na hospitali zimeachwa wazi kwa kila anayetaka kusoma. Lakini hoja inafika hadi Karamoja, na huko ndiko nitakakomea.

Swali la kwanza ambalo vipimo vilitakiwa kujibu lilikuwa la utambulisho: je, kitu hiki ndicho kinachotajwa? Januari 1820 madaktari 11 walikutana katika ukumbi wa Seneti mjini Washington wakakubaliana kutunga orodha ya dawa zinazoaminika na namna ya kuzitengeneza, ili jina moja la dawa limaanishe kitu kimoja katika kila mji. Orodha hiyo ikawa Famakopia. Mwaka 1848 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kukagua dawa zinazoingia bandarini, kwa sababu wafanyabiashara wa ng'ambo walikuwa wakiwauzia Wamarekani dawa zilizoghushiwa au zilizopungukiwa nguvu. Mwaka 1902 Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo, akauliza swali la pili, lililo gumu zaidi: je, kitu hiki kinadhuru? Aliwakusanya vijana wa kujitolea, akawalisha chakula kilichotiwa boraksi, formalini na vihifadhi vingine vilivyotumika siku hizo, akaandika kilichowapata. Mbinu hiyo leo isingekubalika, lakini swali lilikuwa sahihi. Cha kusikitisha ni kwamba sheria ya chakula na dawa ya mwaka 1906, ambayo Wiley aliipigania kuliko mtu mwingine yeyote, kwa upande wa dawa ilijali zaidi ukweli wa lebo. Kitu chenye hatari kingeweza kuuzwa, mradi maandishi hayakudanganya kuhusu kilichomo. Hata uongo wenyewe ulibanwa nusunusu: mwaka 1911 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo haikugusa madai ya uongo ya kuponya. Bunge lilipoirekebisha mwaka uliofuata, serikali bado ilitakiwa kuthibitisha kwamba muuzaji alikusudia kulaghai, na nia ya mtu ni kitu kigumu kukiweka mbele ya hakimu.

Pengo hilo, kati ya ukweli wa lebo na usalama wa mwili, halionekani waziwazi popote kama katika kisa cha Radithor. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, William Bailey, mtu aliyejiita daktari bila kuwa daktari, aliuza kutoka New Jersey vichupa vya maji yaliyotiwa radiamu, akiahidi nguvu mpya kwa waliochoka. Zaidi ya vichupa 400,000 viliuzwa. Wakati huo radiamu ilikuwa kitu cha fahari, na wasiwasi wa wataalamu ulikuwa kwamba wateja wanapunjwa. Chama cha Madaktari cha Marekani kilikuwa kimeweka kiwango cha chini kwa vyombo vya kutengenezea maji yenye mionzi: chombo ambacho hakikutoa mionzi ya kutosha hakikupata kibali. Yaani ukaguzi wa ubora ulikuwepo, na ulikuwa ukihakikisha kwamba sumu haipungui. Radithor ingeufaulu bila shida, kwa sababu radiamu ilikuwemo kweli. Mfanyabiashara tajiri Eben Byers, aliyepata kuwa bingwa wa gofu wa nchi nzima, alianza kunywa maji hayo baada ya kuumia mkono, akanywa vichupa wanavyokadiria kuwa 1,400. Mifupa ya taya yake ikaoza, na Machi 1932 akafa. Chombo kilichokuwa kimemwamuru Bailey asimamishe biashara, miezi michache kabla ya kifo hicho, kilikuwa tume inayosimamia ushindani wa kibiashara. Ofisi ya chakula na dawa haikuwa na mamlaka, maana mbele ya sheria ya 1906 maji yale hayakuwa na kosa linaloshikika.

Miaka mitano baadaye pengo lilelile likaua watoto. Kampuni ya Massengill ya Tennessee ilitaka kuuza salfanilamaidi, dawa mpya ya maambukizi, kwa sura ya maji badala ya vidonge. Mkemia wake, Harold Watkins, akagundua kwamba inayeyuka vizuri katika daiethilini glaikoli. Kiwanda kikapima mchanganyiko huo: ladha, harufu, mwonekano. Ukapita vyote. Hakuna aliyejaribu kama kiyeyushi chenyewe kina sumu, na sheria haikumtaka mtu afanye hivyo. Msimu wa vuli wa 1937 watu zaidi ya 100 wakafa, wakiwemo watoto wengi, figo zao zikiwa zimeharibika. Serikali ilipotafuta kifungu cha kuishtakia kampuni, ilipata kimoja tu: chupa ziliandikwa kwamba ni eliksiri, jina ambalo lilimaanisha kuna alkoholi ndani, na alkoholi haikuwemo. Kama zingeandikwa jina jingine, wakaguzi wasingekuwa na haki ya kuzikamata. Watkins alijiua. Mwaka 1938 Bunge likatunga sheria mpya, na kwa mara ya kwanza mtengenezaji wa dawa mpya akalazimika kupeleka ushahidi wa usalama kabla ya kuuza. Swali la usalama likawa limepata mwenyewe, na mwenyewe ni yule anayetengeneza na anayepata faida. Sioni hatua nyingine katika historia hii yenye uzito kama hiyo.

Hatua hiyo, hata hivyo, iliishia kwenye dawa. Vitamini na vyakula vya kujazia lishe vilibaki ng'ambo ya pili ya mstari, vikihesabiwa kuwa chakula. Mwanakemia Casimir Funk alikuwa amelibuni jina la vitamini mwaka 1912, na kufikia miaka ya 1930 na 1940 vidonge vya vitamini vilikuwa vimejaa kwenye maduka ya Marekani. Mwaka 1941 FDA ilitoa kanuni za lebo za vidonge hivyo. Ilipojaribu kwenda mbali zaidi, ikapanga mwaka 1973 kwamba kidonge chenye kipimo kikubwa kupita asilimia 150 ya mahitaji yaliyopendekezwa kihesabiwe kuwa dawa, wananchi wakachachamaa. Seneta William Proxmire wa Wisconsin akasimamia marekebisho yaliyopita mwaka 1976, yakiizuia FDA kuweka ukomo wa nguvu ya vitamini na madini isipokuwa kwa sababu ya usalama. Hoja ya upande wa Proxmire inastahili kusikilizwa kwa heshima, kwani ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya msimamo wangu. Ilisema hivi: mamilioni ya watu wanameza vitamini C bila kudhurika, serikali haina kazi ya kumwamulia mtu mzima lishe yake, na kuviita vidonge hivi dawa kutawapa madaktari na makampuni makubwa ufunguo wa duka la kila mtu. Sehemu kubwa ya hoja hiyo naikubali. Mtu mzima ana haki ya kumeza vitamini anazotaka. Lakini haki ya kuchagua inategemea kwamba kilichomo ndani ya chupa ndicho alichokichagua. Wale wanawake wa New Mexico walichagua triptofani. Kilichowaumiza hawakukichagua, na hawakuwa na namna ya kujua kwamba kipo.

Turudi basi kwenye kiwanda kile, kwa kuwa undani wake unafundisha. Showa Denko ilitengeneza triptofani kwa kuchachusha bakteria, kisha kuchuja na kusafisha. Mwishoni mwa 1988 na mwanzoni mwa 1989 mambo mawili yalibadilishwa: bakteria wa aina mpya, waliobadilishwa vinasaba ili watoe mazao mengi zaidi, waliingizwa kazini, na mkaa wa unga uliotumika kuchujia ukapunguzwa. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake ya kibiashara, na kila moja lilionekana dogo. Matokeo yake yalikuwa uchafu wa kiasi kidogo mno, wa aina nyingi, uliojificha ndani ya ile sehemu isiyofika hata asilimia moja. Wanakemia walioulinganisha na matoleo yasiyodhuru walipata viambata vilivyoandamana na ugonjwa, ingawa mpaka leo wataalamu wanabishana ni kipi hasa kilichokuwa muuaji. Kipimo cha Famakopia kisingeweza kukamata jambo hilo. Kiliuliza triptofani ni kiasi gani, hakikuuliza hicho kilichobaki ni nini. Mtu pekee aliyekuwa na habari ya kumfanya aulize swali la pili alikuwa msimamizi wa kiwanda, maana yeye alijua kwamba bakteria wamebadilika na mkaa umepungua. Hakuna sheria iliyomtaka amweleze mnunuzi wa upande wa pili wa bahari.

Kuna wanaosema kwamba kisa hiki ni cha kiwanda kimoja na kisitumike kuhukumu biashara nzima. Ningelikubali hilo kama kosa la kuamini kipimo cha mwisho lingekuwa limetokea mara moja. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni njia ya kupima naitrojeni katika nafaka. Kwa kuwa protini nyingi zina naitrojeni ya karibu asilimia 16, ukizidisha naitrojeni kwa 6.25 unapata makadirio ya protini. Njia hiyo ni rahisi na ya bei nafuu, ikaenea dunia nzima, na kwa zaidi ya karne moja bei ya maziwa, unga wa soya na chakula cha mifugo ikategemea hesabu hiyo. Lakini Kjeldahl hakupima protini. Alipima naitrojeni, na aliyetaka kudanganya alihitaji tu kitu cha rahisi chenye naitrojeni nyingi. Melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ina naitrojeni karibu theluthi mbili ya uzito wake. Mwaka 2007 ilikutwa katika chakula cha mbwa na paka nchini Marekani, kikiwa kimetengenezwa kwa malighafi kutoka China. Mwaka 2008 ikakutwa katika maziwa ya unga ya watoto wachanga nchini China, ya kampuni ya Sanlu na nyingine: watoto karibu 300,000 waliugua na sita wakatangazwa kufa. Nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Burundi zikiwemo, zikazuia maziwa ya China. Hila hiyohiyo, kwa viambata visivyoua, imetumika katika unga wa protini wanaonunua wanamichezo: asidi amino za bei nafuu kama glisini huongezwa ili namba ya naitrojeni ipande wakati protini yenyewe imepungua. Mdanganyifu hasomi kanuni za lishe, husoma maelekezo ya kipimo. Kadiri kipimo kinavyojulikana na kutabirika, ndivyo kinavyomwelekeza mahali pa kupita.

Ungetarajia kwamba vifo vya triptofani vingeivuta sheria ya virutubisho karibu na ile ya dawa. Ilitokea kinyume. FDA ilipoanza kubana zaidi, mwezi Mei 1992 kliniki moja ya tiba za vitamini katika jimbo la Washington ilivamiwa na maofisa wenye silaha, na picha za tukio hilo zikawa zawadi kwa wapinzani wa udhibiti. Ofisi za wabunge zikafurika barua. Maseneta Orrin Hatch wa Utah, jimbo lenye viwanda vingi vya virutubisho, na Tom Harkin wa Iowa wakaongoza sheria iliyotiwa saini na Rais Clinton tarehe 25 Oktoba 1994. Sheria hiyo iliweka virutubisho katika kundi la vyakula, ikavikubali vile vilivyokuwa sokoni tayari, na kwa kiambata kipya ikataka taarifa tu siku 75 kabla ya kuuzwa. Lebo ingeweza kusema bidhaa inasaidia moyo au viungo, ilimradi iongeze kwamba FDA haijatathmini dai hilo. Na lililo kubwa kuliko yote: serikali ndiyo ingethibitisha kwamba bidhaa ni hatari. Mzigo ambao watoto wa 1937 walisababisha uhamishiwe kwa mtengenezaji ulirudishwa, kwa upande huu wa biashara, kwa mlinzi wa umma.

Tunajua mzigo huo ulikuwa mzito kiasi gani kwa sababu efedra iliupima. Mmea huo, uliotumiwa kwa karne nyingi katika tiba ya Kichina, uliingizwa katika vidonge vya kupunguza mwili vya Marekani, mara nyingi pamoja na kafeini. FDA ilipendekeza mipaka mwaka 1997, ikaambiwa ushahidi wake ni dhaifu, ikarudi nyuma. Ushahidi ulikuwa dhaifu kwa sababu watengenezaji hawakulazimika kutoa taarifa za wateja walioumia. Kampuni moja kubwa ilikuja kuonekana kuwa na malalamiko zaidi ya 10,000 katika makabati yake. Februari 2003 mchezaji wa besiboli wa Baltimore Orioles, Steve Bechler, akafa akiwa na umri wa miaka 23 baada ya kuzidiwa na joto mazoezini, na efedra ikatajwa katika sababu. Tathmini kubwa ya taasisi ya RAND mwaka huohuo ilionyesha faida ya mmea huo ni kupungua chini ya kilo moja kwa mwezi. Marufuku ilianza Aprili 2004, ikapingwa mahakamani, ikatenguliwa kwa sehemu huko Utah mwaka 2005, ikarudishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2006. Karibu muongo mmoja ulipita tangu pendekezo la kwanza. Mwishoni mwa 2006 ndipo Bunge lilipowalazimu watengenezaji kuripoti madhara makubwa ndani ya siku 15 za kazi.

Kanuni iliyokwenda kwenye mzizi ilikuja mwaka 2007, miaka 13 baada ya sheria ya 1994 kuiruhusu. Hizi ni kanuni za utengenezaji bora: kila kiambata kinachoingia kithibitishwe utambulisho wake kabla ya kuchanganywa, kila toleo liwe na kumbukumbu yake, kila badiliko la mapishi liandikwe na kuidhinishwa. Mwaka 2008 umuhimu wake ukaonekana. Kirutubisho cha maji kilichoandikwa kuwa na mikrogramu 200 za seleniamu kwa mlo mmoja kilikutwa na 40,800, na watu 201 katika majimbo kumi wakaugua, wengine wakipoteza nywele na kucha. Seleniamu yenyewe ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyotajwa kwenye lebo. Kosa lilikuwa la kipimo, nalo ni kosa ambalo mtu wa pili anayehakiki mizani kabla ya mashine kuzunguka angelikamata kwa dakika chache.

Wapo wanaoamini kwamba teknolojia imeshamaliza tatizo: leo maabara inaweza kutambua kiambata kwa kiwango cha sehemu moja ya bilioni, basi tupime tu bidhaa zilizoko rafuni. Jaribio la New York la mwaka 2015 linawajibu. Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo alipeleka vidonge vya mitishamba kutoka kwa wauzaji wanne wakubwa vikapimwe vinasaba, yaani DNA, na akatangaza kwamba ni asilimia 21 tu ya vipimo vilivyoonyesha mmea uliotajwa kwenye lebo. Wanasayansi wengi, hata wakosoaji wakali wa biashara hiyo, wakapinga: dondoo la mmea likishachemshwa na kuchujwa kwa kemikali, vinasaba huharibika, ingawa viambata vyenye kazi vinaweza kubaki. Chombo kilikuwa cha kisasa kabisa na kilipelekwa mahali ambapo hakingeweza kutoa jibu. Mapatano yaliyofikiwa mwaka huohuo na kampuni ya GNC, mmoja wa wauzaji hao, yalirekebisha jambo hilo bila kelele: vinasaba vingepimwa kwenye mmea, kabla ya kuchakatwa. Kipimo kilekile kilipata maana kiliposogezwa nyuma, kwenye malighafi. Na hata chombo kisichokosea kinahitaji mtu wa kukiambia kitafute nini.

Pingamizi la mwisho linatoka kwetu, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Husemwa kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Kwamba mwanakikundi wa Morogoro au Machakos anayesaga majani ya mlonge na kuyafungasha hawezi kubeba kanuni za kiwanda cha Utah. Kwamba masharti kama hayo yatamwachia soko mwagizaji mkubwa. Hofu hiyo ni ya haki, na Marekani yenyewe iliizingatia: viwanda vyenye wafanyakazi chini ya 20 vilipewa hadi 2010 kuanza kufuata kanuni za 2007. Tanzania nayo, tangu 2019, imeweka usimamizi wa chakula chini ya Shirika la Viwango, TBS, na wa dawa chini ya TMDA. Mgawanyo huo unaweza kufaa, ila unarudisha lile swali la zamani la chupa iliyosimama mpakani, nusu chakula nusu dawa, na ni lazima chombo kimoja kijulikane kuwa ndicho kinachoulizwa ilikotoka. Lakini si kweli kwamba ukaguzi wa njiani ndio wa gharama. Wa gharama ni ule wa mwisho.

Machi 2019, huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, watu waliokula uji wa unga ulioongezwa virutubishi, uliogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa wajawazito, kina mama wanaonyonyesha na watoto wenye utapiamlo, walianza kuchanganyikiwa, kutapika na kupata homa. Walioathirika walifikia takriban 300, na watano wakafa. Unga huo wa mahindi na soya, wenye vitamini na madini, ulikuwa umetengenezwa Uturuki, chini ya viwango ambavyo havikuwa na kikomo cha sumu iliyokuja kupatikana: alkaloidi za mranaha, gugu linaloota ndani ya mashamba ya soya. Ugavi ukasimamishwa, sampuli zikasafirishwa kwenye maabara za nchi mbalimbali, na mwaka 2020 wataalamu wa FAO na WHO wakakutana mahsusi kujadili alkaloidi hizo katika chakula, kwa kuwa ilibidi vikomo na njia za kupima vitafutwe baada ya vifo. Vyombo vya kuzipima katika unga ni vya bei kubwa, na nchi nyingi za ukanda wetu zina vichache. Shambani mranaha hung'olewa kwa jembe kabla ya mavuno, na mbegu zake, ambazo ni ndogo kuliko punje za soya, hupita kwenye matundu ya chekeche na soya ikabaki juu. Zikishasagwa pamoja, hakuna mpishi wala mama anayeweza kuzitenga na unga wa mtoto wake.